Trekta la zamani likisumbua: kusoma dalili za Massey Ferguson 35 na 135

Matrekta mengi ya MF 35 na 135 ninayoletewa hayajachoka, yamechokonolewa. Chuma chenyewe bado kizima. Lakini tangu litoke kiwandani hadi lifike kwangu limepita mikononi mwa mafundi wengi, na kila mmoja ameacha alama: boliti ya milimita iliyolazimishwa kwenye tundu la inchi, thermostati iliyotolewa ikatupwa, pampu ya dizeli iliyosogezwa kwa kusikiliza mlio. Ndiyo maana nikianza kutafuta ugonjwa, swali langu la kwanza ni hili: kitu gani hapa hakipo kama kilivyofungwa kiwandani? Mara nyingi jibu la swali hilo ndilo jibu la ugonjwa.

Jua kwanza una trekta gani

Kibati cha namba kipo kwenye dashibodi. Kisome kabla hujanunua hata gasketi moja. FE35 ya kijivu na dhahabu ilitoka Banner Lane, Coventry, mwaka 1956, kisha ikawa MF 35 nyekundu. Dizeli za mwanzo zilikuwa na injini ya Standard 23C ya silinda nne, inayotegemea plagi za kupasha joto na inayojulikana kwa ubishi wa kuwaka asubuhi. Mwisho wa 1959 ikaingia Perkins 3A.152 ya silinda tatu, na hiyo ndiyo iliyoipa 35 sifa yake. MF 135 ilikuja mwishoni mwa 1964 ikiwa na Perkins AD3.152: lita 2.5, kipenyo cha silinda 91.4 mm, mwendo wa pistoni 127 mm, mpangilio wa kuwaka 1-2-3. Injini ya ukoo huohuo iliendelea hadi kwenye MF 240, na ndiyo sababu vipuri vinapatikana mpaka leo, vingi vikiwa vimetengenezwa Pakistani, Uturuki na India.

Urahisi huo wa vipuri una mtego wake. Dukani Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, utaambiwa "hii ya 240 inaingia." Ni kweli inaingia. Kuingia hakumaanishi kwamba vipimo ni vilevile. Beba kipuri cha zamani mkononi, beba na kalipa ya kupimia.

Halafu spana. Boliti za trekta hili ni za inchi, nyuzi za UNC na UNF. Nunua seti ya 7/16 hadi 15/16 uitunze. Boliti ya milimita 12 itaingia mizunguko mitatu kwenye tundu la nusu inchi, halafu itaanza kukaza. Pale inapokaza ndipo nyuzi zinapokatika, na kule kuvuja kwa oili unakohangaikia mwaka mzima kumeanzia hapo.

Ufunguo unageuzwa, kimya

Kabla ya kulaumu stata, angalia lever fupi ya mwendo wa juu na wa chini. Trekta hili lina swichi ya usalama: lever isipokuwa katikati, umeme haufiki kwenye stata. Fundi aliyeshindwa kuirekebisha huunganisha nyaya moja kwa moja. Ukikuta hivyo, rudisha swichi. Nimeona trekta likiwashwa na mtu aliyesimama pembeni, likiwa kwenye gia, likaenda. Gurudumu la nyuma halimsubiri mtu.

Swichi ikiwa nzima, safisha waya wa ati, ule unaounganisha betri na chuma cha trekta. Ondoa rangi mpaka chuma king'ae mahali unapofungwa. Watu hupaka rangi trekta zima likapendeza, rangi ikaingia chini ya waya wa ati, kisha wakanunua betri mpya bila sababu.

Linazunguka lakini haliwaki

Toboa siri kwa kufuata njia ya dizeli: tangi, fidi pampu inayoivuta, machujio mawili, pampu ya CAV DPA inayoisukuma kwa presha, nozeli zinazoinyunyiza kwenye silinda. Tatizo karibu kila mara ni hewa, na hewa huingia upande wa kunyonya, ambako hutaona hata tone likivuja.

Kutoa hewa kuna utaratibu wake. Legeza skrubu ya juu ya chujio, kisha piga lever ndogo ya mkono kwenye fidi pampu. Kama lever ni laini, haina uzito wowote kidoleni, usiseme fidi pampu imekufa. Kamu ya injini imesimama ikiwa imeisukuma. Zungusha injini mzunguko mmoja, jaribu tena, utahisi springi ikirudi. Piga taratibu uangalie kinachotoka kwenye skrubu: kwanza povu jeupe kama la sabuni, kisha mapovu makubwa moja moja, kisha dizeli safi iliyonyooka. Funga hapohapo ikiwa inatiririka. Nenda kwenye skrubu ya mwili wa pampu ya DPA, kisha ile ya juu kwenye gavana. Mwisho legeza nati za mabomba mawili kwenye nozeli, zungusha kwa stata hadi dizeli iteme, kaza. Povu lisipoisha baada ya dakika tano, hewa inaendelea kuingia. Tafuta washa ya shaba iliyotumika mara tatu, au oringi ya chujio iliyojikunja.

Hewa ikiwa imekwisha na bado haliwaki asubuhi ya baridi, kama zile za Mbulu au Njombe, angalia Thermostart kwenye manifoldi ya hewa. Ni kifaa kinachochoma dizeli kidogo ili kupasha hewa inayoingia. Wengi wamekifunga au wamekitoa, kisha wakazoea kupuliza etha. Usichanganye hivyo viwili hata siku moja. Etha ikikutana na waya uliowiva kwa joto ndani ya manifoldi inalipuka. Kirudishe kifaa, achana na etha.

Linafanya kazi dakika ishirini, linazima

Hili nilijifunza kwa mjomba wangu, kule Karatu. 135 lake lilikuwa likilima vizuri, kisha linapoteza nguvu, linazima. Likipumzika robo saa linawaka kama hakuna kilichotokea. Karakana moja ya mjini ilishabadilisha fidi pampu, ikafungua DPA, ikabadilisha nozeli, na pesa ya mavuno ikaishia huko.

Nilikaa pembeni ya shamba nikisubiri lizime. Lilipozima nilifungua kifuniko cha tangi, nikasikia hewa ikivutwa ndani: fyuu. Kifuniko hakikuwa chake. Cha asili kina tundu dogo la kupumulia. Hiki kilitoka kwenye gari fulani, kimefunga kabisa. Dizeli ilikuwa ikitoka bila hewa kuingia, mpaka fidi pampu ikashindwa kuvuta. Nilitafuta kifuniko sahihi, likalima siku nzima. Mjomba alikaa kimya kwa muda mrefu, halafu akasema, "Kwa hiyo ni mfuniko tu, mwanangu?" Tangu hapo kifuniko cha tangi nakiangalia kabla ya kitu kingine chochote.

Moshi

Mweusi ni dizeli nyingi au hewa kidogo. Fungua bakuli la oili la chujio la hewa kabla hujagusa nozeli. Lina mstari, oili ifike kwenye mstari, basi. Ikizidi, injini itainyonya, na injini ya dizeli ikianza kula oili kupitia njia ya hewa inaweza kukimbia bila kukusikiliza, hata ukivuta kizimio. Ikipungua, vumbi linaingia moja kwa moja kwenye ringi za pistoni. Kipindi cha kulima pakavu bakuli lisafishwe kila siku. Kuna wanaolibadilisha kwa chujio la karatasi la gari dogo. Injini hizo nimezishusha, na slivu zake, yaani kuta za silinda, zilikuwa zimeliwa upande wa juu kama zimepigwa msasa.

Mweupe unaochoma macho, pamoja na ugumu wa kuwaka, mara nyingi ni taiming (wakati wa kunyunyiza dizeli) iliyochelewa. Ikiwahi mno utasikia injini ikigonga kama nyundo kwenye chuma. DPA ina mstari uliochorwa kwenye flanji yake, na kuna mstari mwingine kwenye keza ya taiming, kasha la gia za mbele ya injini. Mistari hiyo ikae pamoja. Spilaini yake nayo ina jino moja tofauti, kwa hiyo haifungiki vibaya kwa bahati mbaya. Ukikuta mistari imeachana, mtu aliisogeza kuficha ugonjwa mwingine: nozeli mbovu, tepeti zilizoachwa, au mgandamizo uliopungua. Irudishe mistari kwanza, kisha ugonjwa wenyewe utajitokeza. Nafasi ya tepeti kwenye vali ni 0.30 mm injini ikiwa baridi, 0.25 mm ikiwa ya moto.

Bluu ni oili. Kama ni kwenye kuwasha tu kisha unakwisha, shuku gaidi za vali, mirija inayoziongoza. Kama unaendelea ukiwa na mzigo, na pumzi ya injini inapuliza kwa nguvu, ni ringi na slivu. Hapa nataka kusimama kidogo, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Slivu za Perkins hii ni kavu, na zimekuwepo za aina mbili. Kuna za chuma cha kawaida zinazosukumwa kwa presi kisha zinachongwa ndani hadi kipimo cha mwisho. Kuna nyembamba za kromu, zinazoteremka kwa urahisi zikiwa zimeshamalizwa. Ringi zake si zilezile. Ringi ya kromu kwenye slivu ya kromu haikai kamwe. Zote ni ngumu, hakuna inayokubali kuzoeana na mwenzake, na trekta litakunywa oili tangu siku ya kwanza. Mteja atarudi akilia kwamba amefunga vipuri vipya. Kweli ni vipya, lakini haviendani. Muulize mwenye duka ringi ni za slivu gani, na asipojua, nenda duka la pili.

Silinda hedi ikichongwa, pima vali zimezama kiasi gani chini ya uso wa hedi, na pistoni zimefika wapi juu ya bloku kwa dayal geji. Hedi iliyochongwa mara mbili bila kuzamisha vali inaleta mlio wa kugonga ambao hakuna nozeli itakayouponya.

Oili ya injini inaongezeka yenyewe

Ukichomoa kijiti ukakuta oili imepanda na inanuka dizeli, zima. Ama ngozi ya fidi pampu imepasuka, ama sili ya shafti ya DPA inapitisha dizeli kwenye keza ya taiming. Beringi hazitadumu hapo. Ikiwa imepanda na rangi ni ya chai ya maziwa, ni maji: gasketi ya hedi au ufa.

Presha ya oili injini ikiwa ya moto, kwenye mwendo wa kazi, iwe kati ya 30 na 60 psi. Chini ya hapo usikimbilie kuweka oili nzito ili geji ipande. Funga geji ya kupimia, ya uhakika, kwanza. Krenki ikihitaji kuchongwa, hatua ni 0.010, 0.020 na 0.030 ya inchi. Pima kila jono (sehemu ya krenki inayozunguka kwenye beringi) peke yake, sehemu mbili au tatu, usiamini namba iliyoandikwa kwenye beringi za zamani.

Oili inadondoka chini ya klachi

Chini ya nyumba ya klachi kuna tundu lenye pini ya kugawanyika inayoning'inia. Pini hiyo imewekwa makusudi, mtikisiko uichezeshe ili tundu lisizibe. Watu huiona ikidondosha oili wakaziba tundu kwa boliti. Oili ikajaa ndani, sahani ya klachi ikalowa. Lifungue. Pokea tone kwenye karatasi nyeupe: jeusi limetoka kwenye injini, la dhahabu limetoka kwenye gia boksi. La injini maana yake sili ya nyuma ya krenki, ambayo kwenye injini hizi ni ya kamba, nusu mbili. Kamba mpya iloweshwe oili, ilazwe vizuri kwa kitu cha mviringo, na ncha zake ziachwe zikizidi kidogo sana. Ukizikata sawasawa na chuma itavuja wiki hiyohiyo.

Joto linapanda, au halipandi kabisa

La kupanda kila mtu analijua: rejeta iliyoziba kwa makapi, mkanda uliolegea, maji ya chumvi. Ninaloumia nalo ni la pili. Thermostati hufunguka karibu nyuzi 80, na wengi huitoa wakiamini nchi yetu ni ya joto, haihitajiki. Injini inayofanya kazi baridi inaacha dizeli isiyoungua ikiteremka kwenye kuta za silinda, oili inachafuka upesi, na slivu zinalika. Sindano ya joto ikikaa chini siku nzima ukiwa unalima, hiyo ni dalili kamili ya ugonjwa. Rudisha thermostati.

Haidroliki

Mfumo huu wa kunyanyua kwa nguvu ya oili ndio kiini cha trekta la Ferguson. Pampu ya pistoni nne imezama ndani ya oili ya gia boksi na difu, na vali yake inadhibiti upande wa kunyonya. Kwa hiyo oili ya gia na oili ya haidroliki ni moja, kama lita 30, na uzito wake ni wa maana sana. Ukijaza oili nzito ya difu ya lori, pampu haiwezi kuvuta. Itanyanyua kwa shida asubuhi, itaboreka kidogo ikipata joto, na utasikia mlio wa kulalamika chini ya kiti. Imwage yote, safisha kichujio cha kunyonya, weka oili ya trekta ya kazi zote mbili.

Haishiki juu. Nyanyua plau, zima injini, weka alama kwenye mkono wa kunyanyulia. Ikishuka haraka, oili inatoroka upande wa silinda: ringi ya pistoni ya haidroliki, sili za bomba linalopandisha oili, au vali ya usalama. Ikiwa injini inazunguka na plau linatikisa kichwa juu chini, juu chini, ni ugonjwa uleule. Oili inatoroka, vali inafungua kuijaza, inatoroka tena. Punguza oili hadi chini ya kifuniko cha pembeni, kifungue, angalia kwa tochi huku mwenzako akinyanyua mzigo. Utauona mchirizi unapotoka. Usiingize mkono, na asisimame mtu chini ya plau.

Hainyanyui kabisa. Kwenye TE20 ya kijivu, Ferguson iliyotangulia 35, lever ya PTO (shafti inayopeleka nguvu kwa mashine za nyuma) isipoingizwa pampu haizunguki, na nimeitwa mbali kwa jambo hilo. Kwenye 35 na 135, kumbuka ukikanyaga klachi hadi chini pampu nayo inasimama.

Plau linazama, kisha linaruka. Hapa wengi hulaumu pampu, na pampu haina kosa. Nenda nyuma, shika springi kubwa inayopokea nguvu ya toplinki, fito ya juu inayoshika plau. Isukume na uivute: isiwe na mchezo wowote wa mbele na nyuma. Kisha jaribu kuizungusha kwa vidole: izunguke. Hivyo viwili kwa pamoja ndicho kipimo. Ikicheza, mfumo hauhisi mzigo wa udongo mpaka umeshachelewa. Ikibanwa hadi isizunguke, inahisi mzigo usiokuwepo. Kazi ya dakika kumi, na nimeona watu wakiuza trekta kwa sababu yake.

Klachi na gia

Klachi ya hatua mbili inasimamisha mwendo nusu ya pedali, na PTO kwenye nusu ya pili. PTO ikikataa kusimama, rekebisha kwanza mchezo wa pedali na boliti tatu za ndani kabla ya kununua seti. Kwenye 135 lenye Multi-Power, mwendo wa ziada unaobadilishwa bila klachi, ukiwa kwenye mwendo wa chini injini haishiki trekta mteremkoni. Hivyo ndivyo lilivyotengenezwa, si ugonjwa, na dereva mgeni aambiwe kabla hajapanda na trela.

Umeme, usukani, breki

Dainamo ya Lucas ikiacha kuchaji baada ya kukaa muda mrefu, huenda imepoteza sumaku tu. Iamshe kwa kuigusisha na betri kwenye fildi. Ukitaka kufunga altaneta, hakikisha kwanza ati ni chanya au hasi. Matrekta mengi ya zamani ya Uingereza yalikuwa na ati chanya, na altaneta ya kisasa itaungua hapohapo.

Usukani ukicheza, inua ekseli ya mbele kwa jeki, tikisa gurudumu. Bushi za kingipini na pini ya katikati ya ekseli huisha kabla ya boksi la usukani.

Breki zikivuta upande mmoja, toa drami. Ukikuta brekishuu zimelowa, sili ya shafti ya nyuma imekufa. Kuziosha kwa petroli hakusaidii. Oili imeshaingia ndani. Badilisha sili, kisha brekishuu za pande zote mbili, na urekebishe mpaka magurudumu yote mawili yaache alama za urefu sawa kwenye vumbi pedali zikiwa zimefungwa pamoja. Fanya jaribio hilo mahali tambarare, gia ya tatu, bila mzigo, kabla trela halijafungwa.